Gitaa Upande wa Wanawake

Hell-Ville, Nosy Be
Jumapili, 22 Februari 1981

Mjomba wangu Youssoufa,

Kwezi, nakuamkia, Mjomba. Salamu za nyumba nzima zikufikie huko Tanambao, Mahajanga, kabla ya maneno yangu. Sisi ni wazima. Mama amepona kikohozi. Koko anasema magoti yake ya bibi kizee yanaijua mvua kabla ya redio, na mwezi huu hayajakosea hata mara moja. Naandika kwa lugha ya marehemu Babu kama ulivyoniagiza. Hapa nyumbani sina wa kusema naye Kiswahili, ila Koko anapokasirika, kwa hiyo yasahihishe makosa yangu kwa kalamu nyekundu unirudishie, kama mwaka jana.

Habari kubwa ni kwamba Echata ameposwa! Mchumba ni Abdérémane, mwalimu wa Ambanja, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Harusi ni tarehe 12 Septemba. Dada yangu anajifanya hajali, lakini jana alitia chumvi kwenye chai.

Sasa jambo langu. Naandika mbio kwa furaha, nisamehe mwandiko. Unalikumbuka gitaa lako la umeme, lile uliloliacha kabatini kwa Koko ulipohamia Mahajanga mwaka 1978? Uliniambia, "Lichezee, lisioze." Mjomba, sikulichezea tu. Zile nyimbo tatu ulizonifundisha nazipiga mpaka mwisho, na nyingine tano za salegi, dansi la huku kwetu, nimezichukua kwa sikio. Miaka mitatu nimepiga bila umeme, nimeegemeza kidevu juu ya mbao ili nisikie.

Wiki iliyopita chama cha wanawake kilikutana kwetu kupanga harusi. Wakafika kwenye suala la muziki, na Bi Bahia, mkuu wao, akasema itakuwa kama kawaida: wanawake chumbani, bendi ya wanaume barazani, na pazia zito katikati. Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Mimi ni msichana. Nikipiga mimi, pazia la nini?"

Mama alinitazama kama nimevunja sahani. Lakini Bi Bahia akacheka: "Basi lete tukusikie, usituhubirie."

Nikaazima kipaza sauti cha fundi seremala Boinali, nikaunga waya, nikapiga. Mjomba, aibu! Sauti ilitoka dhaifu, yenye ukungu, na chini yake mngurumo. Bi Bahia akasubiri nimalize. Akasema, "Vidole vyako vinajua kazi, mwanangu. Lakini hiyo ni sauti ya mbuzi aliyefungiwa ndani ya pipa. Irekebishe, tutakusikia tena baada ya Idi. Ikishindikana, tutawaita wanaume na pazia lao."

Ubovu uko wapi? Ni nyuzi, ni waya, au ni mimi? Niambie nifanye nini na nitafanya. Na utakuja harusini, sivyo?

Mpwa wako anayekuheshimu,
Zaïtoun


Mahajanga, 15 Machi 1981

Mpwa wangu Zaïtoun,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mlangilangi, nadhani Mama yako aliiweka kwenye kabati la nguo. Nimefurahi kwa ajili ya Echata. Mwambie mwenye masikio makubwa huwa msikivu. Mimi sijambo. Joto la hapa limeyeyusha mshumaa kabla sijauwasha. Kazi ya kutengeneza redio ipo, hasa redio za watu wanaozipiga makofi zikinyamaza.

Makosa yako ni manne, nimeyatia wekundu. Mwaka jana yalikuwa kumi na moja.

Kuhusu gitaa: ubovu si wewe. Chini ya nyuzi, katikati ya mwili wa gitaa, kuna kipande cheusi chembamba chenye vichwa sita vya chuma. Hiyo tunaiita mikro. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Ndiyo sikio la gitaa. Uzi ukitikisika, mikro husikia, na kipaza sauti husema kile tu ilichokisikia. Gitaa lako limekaa kabatini karibu na bahari. Nahisi limeziba sikio.

Fanya majaribio mawili. Kwanza, gusa vichwa vile kwa ncha ya bisibisi. Ikivutwa na kung'ang'ania, sumaku i hai. Pili, washa kipaza sauti, gonga taratibu kwa ncha hiyo hiyo. Ukisikia "tok" safi, waya ni mzima.

Kisha nipimie. Usitumie rula ya shule, inadanganya. Chukua uzi wa kushonea, uulaze juu ya mikro, ufunge fundo chini ya kila uzi wa gitaa, mafundo sita, uutie ndani ya barua.

Na unieleze unataka sauti gani. Usiniambie "nzuri". Kila mtu anataka nzuri.

Mjomba wako,
Youssoufa


Hell-Ville, 5 Aprili 1981

Mjomba wangu,

Kwezi. Wote wazima, na Echata amechagua kitambaa mara tatu na kukikataa mara tatu. Koko anauliza kama unakula vizuri. Anataka jibu la urefu wa mstari mzima, si neno moja.

Majaribio nimeyafanya! Sumaku iliishika bisibisi kidogo tu, kama mtu anayekupa mkono kwa kulazimishwa. Na nilipogonga hakuna "tok". Kuna "fff" tu, kama chai inayopozwa. Kwa hiyo sikio limeziba kweli, na nimefurahi mno, kwa sababu si mimi!

Uzi umo ndani ya karatasi hii. Uangalie usianguke unapofungua. Fundo la nne nililifunga mara mbili kwa makosa, usidhani ni mafundo saba.

Sauti ninayoitaka nimeiwaza juma zima. Nataka kila uzi usikike peke yake hata nikipiga yote. Nataka iwe na mwili, si mifupa tu. Na wanawake wanapoimba nataka niwe chini ya sauti zao niwabebe, nisiwe juu yao. Sijui kama mikro yaweza kufanya hayo.

Kuhusu harusi hukunijibu. Utakuja?

Zaïtoun


Mahajanga, 3 Mei 1981

Mpwa wangu,

Mwambie Koko: jana nilikula wali, samaki wa nazi na achari ya maembe, na nikaongezewa. Huo ni mstari mzima.

Uzi wako umefika na mafundo sita na nusu. Sasa sikiliza, maana nimepata! Na sijapata moja, nimepata mbili. Bendi ya Assoumani wa Mangarivotra imevunjika, wamegombana juu ya nani asimame mbele, na magitaa yao yamebaki mbao. Nimeokoa mikro mbili nzima, na mafundo yako yanalingana na zote.

Ya kwanza ni nyembamba kama ya zamani, duru moja ya waya. Sauti yake inameta, ni kijiko kwenye glasi. Inanguruma kidogo ukikaa karibu na taa, lakini inakata. Itaingia katika tundu lililopo bila kazi.

Ya pili ni pana, duru mbili za waya bega kwa bega, na mngurumo wa moja unafutwa na mngurumo wa nyingine. Kwa hiyo iko kimya kabisa usipopiga. Sauti yake ni nene, ya mviringo. Lakini haiingii mpaka utoboe mbao na kupanua tundu, na tundu likishapanuliwa halirudi.

Nilimwita jirani yangu Houssen azipige zote mbili, mimi nikasikiliza.

Ushauri wangu hauna shaka: nyembamba. Nilipiga nyuma ya lile pazia la wanawake miaka kumi na miwili, najua wanachotaka. Pazia linakula sauti, chumba kinakula sauti, wanawake mia moja wenye nguo nzito wanakula sauti. Kila mwaka nilizidisha ukali, na hawakuchoka kuniita. Gitaa la harusi lazima likate kama kisu kipya.

Mpigaji mmoja wa hapa anangoja ile utakayoiacha. Nijibu upesi, niitume hii nyembamba.

Youssoufa


Mahajanga, 14 Juni 1981

Zaïtoun,

Wiki sita bila jibu. Nimeuliza posta, nimemuuliza dereva wa lori la bandari ya Antsahampano, anasema mashua zinavuka kila siku. Kuna mgonjwa? Au hasira? Yule mpigaji amenijia mara tatu, na mara ya tatu alikaa mpaka akanywa chai yangu yote.

Niandikie hata mistari miwili.

Mjomba wako


Hell-Ville, 21 Juni 1981

Mjomba wangu mpendwa,

Nisamehe. Hakuna mgonjwa wala mwenye hasira. Barua yako ya Mei ilifika kwa wakati. Nimeandika jibu mara tano na kulichana mara tano, kwa sababu kuna jambo nililolijua siku ile ile nikaona haya kulisema. Sasa nalisema, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Niliposoma kuwa mikro nyembamba inakata kama kisu, nilikimbia jikoni. Koko alikuwa anachambua mchele pamoja na Bi Bahia na Mama Saïda wa nyumba ya pili. Nikawasomea maneno yako yote, nikiyageuza kwa Kimalagasi. Nilipofika kwenye miaka kumi na miwili nyuma ya pazia, Mama Saïda akaweka ungo chini. Akamtazama Bi Bahia. Bi Bahia akamtazama Koko. Halafu wote watatu wakaanza kucheka, Mjomba, mpaka mchele ukamwagika.

"Hajui!" Mama Saïda alisema. "Masikini, mpaka leo hajui!"

"Angejuaje?" Koko akajibu, anafuta machozi. "Nani angemwambia?"

Nikauliza hajui nini. Bi Bahia akasema, "Magodoro, mwanangu. Gitaa la mjomba wako lilikuwa linatutoboa vichwa. Hatusikii tunachoimba. Kumwambia mwanamume apunguze, ni nani atoke nje akamwambie? Tukasimamisha godoro moja mbele ya pazia, upande wetu. Harusi iliyofuata akaongeza ukali. Tukaongeza godoro. Yeye akaongeza, sisi tukaongeza."

"Mwaka wa mwisho yalikuwa manne," akasema Mama Saïda, "na bi harusi alikosa pa kukaa."

Nilicheka nao kwanza. Kisha nikakuwazia wewe kule barazani, unahangaika na vitufe vya kipaza sauti ili wakusikie, nikaacha kucheka.

Hawakukuita kwa kuwa unakata. Koko amesema niandike hivi: walikuita kwa kuwa hukupoteza mwendo hata siku moja, na hilo lilipita magodoro yote.

Lakini mimi nitakaa upande wa pili, Mjomba. Hakutakuwa na pazia la kunilia sauti. Nitakuwa katikati yao, kipaza sauti hatua mbili kutoka kwa Koko. Nadhani ninayoihitaji ni ile pana. Najua maana yake ni kulitoboa gitaa lako, na ni lako, siyo langu. Ukisema hapana, nitatii na kuipokea nyembamba kwa shukrani. Bi Bahia amenipa Ijumaa ya tarehe 28 Agosti kunisikiliza.

Na tena nauliza, kwa mara ya mwisho ili nisikuchoshe: utakuja?

Mpwa wako mwenye haya,
Zaïtoun


Mahajanga, 9 Agosti 1981

Mpwa wangu Zaïtoun,

Idi njema iliyopita. Nilifunga vizuri, na Koko aambiwe kuwa nilifuturu vizuri zaidi.

Magodoro manne.

Nilisoma barua yako siku ya pili ya Ramadhani nikaifungia ndani ya sanduku la vifaa. Wiki nzima sikuifungua. Wiki ya pili nilikuwa natengeneza redio ya bwana mmoja, nikakumbuka bi harusi aliyekosa pa kukaa, nikacheka mpaka mwenye redio akaogopa. Miaka kumi na miwili! Nilikuwa nasema na wenzangu, "Leo chumba ni kizito, ongeza." Kumbe chumba kilikuwa kinajitetea.

Una haki. Mimi nilichagua kwa ajili ya baraza. Nilidhani nayajua yaliyo ndani kwa kuwa nimeyakaribia sana. Mikro pana imo ndani ya kikopo hiki cha maziwa, imefungwa kwa pamba. Yule mpigaji ameondoka na nyembamba, ana furaha, anapiga uwanjani. Mbao mwachie Boinali: atumie patasi kali na mkono mwepesi, apanue kidogo kidogo, apime kwa mikro yenyewe. Waya mweupe uende kwenye kitufe cha sauti, ule mtupu uende kwenye chuma. Usiinue mikro mpaka karibu sana na nyuzi. Acha nafasi ya sarafu mbili, vinginevyo sumaku itazivuta na hazitaimba muda mrefu. Nakupa ruhusa kulitoboa. Tena nalitoa kabisa: kuanzia tarehe ya barua hii gitaa ni lako.

Umeniuliza mara tatu kama nitakuja, nami mara mbili nimekupita kama sikuona. Wewe umesema lako, acha nami niseme langu. Mwaka wa kwanza hapa nilifanya kazi bandarini. Kasha liliniangukia mkono wa kushoto. Vidole viwili havikunjiki. Ndiyo maana alipiga Houssen. Sikumwambia Koko, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuza mbuzi wake ili ninunue gitaa. Sitaweza safari hii kukaa barazani mikono mitupu, watu wakiniuliza. Safari nyingine labda. Mwambie wewe, kwa upole, si siku ya harusi.

Badala yangu nakuomba kitu. Usiniandikie jinsi ulivyopiga, hilo nalijua. Niandikie mlivyosikika mle ndani. Mimi sijawahi kusikia.

Mjomba wako,
Youssoufa


Hell-Ville, 20 Septemba 1981

Mjomba wangu,

Kwezi, na tena kwezi! Echata ni mke wa watu, ameanza kuwaamrisha. Mama amelala siku mbili. Koko nimemwambia jana kuhusu mkono wako. Akasema, "Vidole vinane vinatosha kushika nauli." Anakungoja Maulidi, na hataki sababu.

Sasa nakusimulia kwa mpangilio, ingawa kalamu inataka kuruka mpaka mwisho.

Boinali alipanua tundu siku mbili. Kila alipopiga patasi nilifumba macho, akaniambia, "Fumbua, mtoto, siyo jino lako." Waya niliunga mwenyewe jikoni, kwa msumari mkubwa nilioutia kwenye makaa, maana chuma cha kulehemu kwa risasi hakikupatikana. Koko alilia kuwa wali wake unanuka redio. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya tatu ikashika. Nikawasha kipaza sauti, nikasikia kimya, nikadhani nimeharibu. Kumbe ndiyo kimya chako ulichokisema! Nikagonga kwa bisibisi: tok.

Mjomba, nilipiga uzi mmoja tu, wa chini kabisa, nikauacha. Ulikuwa na mwili. Nilihisi kwenye mbavu.

Ijumaa ile Bi Bahia alikuja na wanawake sita. Nilipiga wimbo mmoja wa salegi. Katikati akainua mkono, nikaacha. Akasema, "Endelea. Nilitaka kujua kama naweza kukohoa nikajisikia." Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Tarehe kumi na mbili tutakuona. Wanaume watakaa tayari nje, na pazia tutalikunja juu. Ukichoka au ukichosha, litashuka."

Basi harusini nilikaa kwenye mkeka, baada ya alasiri, pazia limekunjwa juu ya kichwa changu kama panga. Nguo zote za dunia zilikuwa mle. Na hapa najibu ombi lako.

Kule ndani, Mjomba, kwanza unasikia bangili. Wanawake wakipiga makofi, bangili zinafika nusu ya sekunde baada ya makofi, kwa hiyo kila pigo ni mawili. Tari zinapigwa na wazee waliokaa ukutani, na ukuta unazirudisha kwa sauti nene. Wanawake wa upande wa mlango huanza mstari, wa upande wa dirisha huumalizia, na katikati yao kuna mahali patupu padogo sana. Hapo ndipo gitaa linapokaa. Kwa mikro ile pana niliingia hapo bila kumsukuma mtu. Nilipopiga kwa nguvu, waliimba kwa nguvu. Nilipopunguza, walinifuata wakapunguza. Nilikuwa nawabeba. Saa nzima pazia halikutikisika.

Kisha Bi Bahia akasema, "Sasa ule wa Youssoufa." Nilijua wimbo anaoutaka: ule uliokuwa unafungia kila harusi, usio na maneno. Nikauanza. Mjomba, una maneno! Chumba kizima kiliimba, hata wasichana wa rika langu. Niliacha kupiga kwa mshangao, Koko akanipiga kofi begani niendelee. Wameuimba miaka yote hiyo, wewe uko nje na magodoro yako katikati. Wanaimba kwa Kimalagasi na Kikomoro vilivyochanganyika. Nakugeuzia kadiri niwezavyo:

Fundi wa nyuma ya nguo, hatukuoni uso,
mkono wako twaujua kuliko wa mume.
Punguza kidogo, fundi, mtoto ameamka;
usiache lakini, fundi, tukikukosa tutalala.
Yuko nje, yuko nje, fundi wetu yuko nje.

Wanaurudia ule mstari wa mwisho mara saba, wakielekea pazia. Lakini siku ile pazia lilikuwa juu, na barazani waliokuwepo ni wale wanaume wanaongoja, wametupa mgongo, wanakunywa sharubati. Wanawake walipofika kwenye mstari huo hawakujua waelekee wapi. Wengine walitazama mlango, wengine walinyamaza. Nikabaki napiga peke yangu, mzunguko mmoja, wa pili, nikasema moyoni hapa ndipo pazia linaposhuka.

Bi Bahia akasimama. Ni mzito, alisaidiwa na wawili. Akapita katikati ya mkeka mpaka mbele yangu, akafungua kamba, akalishusha pazia lote mpaka chini, wanaume wakabaki nje na sharubati yao. Akanigeukia, akaimba peke yake, kwa ile sauti yake iliyopasuka:

"Yuko ndani."

Wakaipokea wote.

Mpwa wako,
Zaïtoun